Msikiti wa Istiqlal wa Jakarta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Msikiti wa Istiqlal ni msikiti wa taifa la Indonesia. Wageni wengi hufika hapo wakiwa wamekwisha kusikia mambo mawili: kwamba ni mkubwa mno, na kwamba aliyeuchora alikuwa Mkristo. Yote mawili ni kweli, lakini anayeondoka na hayo tu ameacha nyuma jambo lenye uzito zaidi, nalo ni jinsi jengo hili lilivyokikabidhi kivuli, upepo na nafasi tupu kazi ambayo kwingineko hufanywa na rangi na nakshi.

Msikiti huu uko wapi, na kwa nini ukaitwa Istiqlal?

Uko katikati ya jiji la Jakarta, upande wa kaskazini-mashariki wa uwanja mkubwa wa Merdeka, uwanja ambao katikati yake umesimama mnara wa taifa uitwao Monas. Ikulu haiko mbali. Ng'ambo ya barabara liko Kanisa Kuu la Kikatoliki, lenye minara ya chuma iliyochongoka, ambalo lilifunguliwa mwaka 1901. Eneo la msikiti lina ukubwa wa zaidi ya hekta 9, na mkondo wa mto Ciliwung unapita ndani yake.

Istiqlal ni neno la Kiarabu lenye maana ya uhuru. Indonesia ilitangaza uhuru wake tarehe 17 Agosti 1945, ikapigana na Waholanzi waliotaka kurudi, nao wakakubali kuutambua uhuru huo mwishoni mwa mwaka 1949. Msikiti uliwazwa miaka michache tu baada ya hapo, ukiwa shukrani kwa Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo. Msomaji akiliweka hilo akilini, nusu ya maumbo na vipimo atakavyoelezwa huko mbele havitamshangaza.

Ni nani aliyelileta wazo la kuujenga, na mbona ukawekwa jirani na kanisa?

Wazo lilianza kuzungumzwa mwaka 1953 miongoni mwa viongozi wa Kiislamu, akiwemo Wahid Hasyim, aliyekuwa amewahi kushika Wizara ya Mambo ya Dini, na Anwar Cokroaminoto. Taasisi ya kusimamia ujenzi iliundwa mwezi Desemba 1954, na Rais Sukarno, ambaye mwenyewe alisomea uhandisi, aliipokea kazi hiyo kama yake.

Kuhusu mahali, palikuwa na mvutano. Makamu wa Rais, Mohammad Hatta, alipendekeza msikiti ujengwe katika barabara ya Thamrin, kwa hoja kwamba ungekuwa karibu na makazi ya Waislamu na kwamba kusafisha kiwanja kusingegharimu sana. Sukarno aliutaka mahali palipokuwa na bustani ya Wilhelmina, ambapo Waholanzi walikuwa wamejenga ngome katika karne ya 19. Hatta alikuwa na haki katika suala la gharama, kwa sababu ngome haiondolewi kwa jembe. Hata hivyo Sukarno alikuwa na hesabu nyingine: katika miji ya kale ya Java, msikiti mkuu hukaa kando ya uwanja wa mji karibu na kasri ya mtawala, na kuuweka msikiti wa taifa mbele ya makanisa yaliyokwisha kuwapo kungekuwa tamko juu ya kuishi pamoja kwa dini mbalimbali. Isitoshe, kubomoa ngome ya mkoloni ili kusimamisha msikiti uitwao Uhuru ni jambo lisilohitaji ufafanuzi. Sukarno akashinda, na ngome ikaondoka.

Je, ni kweli kwamba mbunifu wake hakuwa Mwislamu?

Ni kweli. Friedrich Silaban, aliyezaliwa mwaka 1912, alikuwa Mbatak kutoka Sumatra Kaskazini na Mprotestanti. Mwaka 1955 yaliandaliwa mashindano ya uchoraji wa ramani ya msikiti, na jopo la waamuzi likaongozwa na Sukarno mwenyewe, likiwa na wahandisi, wasanifu na wanazuoni, miongoni mwao Hamka, mwanachuoni na mwandishi mashuhuri. Washindani hawakuweka majina yao kwenye michoro bali maneno ya utambulisho. Mchoro ulioshinda ulibeba neno “Ketuhanan”, yaani imani juu ya Mungu, ambalo ndilo linalobeba nguzo ya kwanza ya falsafa ya taifa hilo, Pancasila. Bahasha zilipofunguliwa, jina likawa la Silaban.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama muujiza wa kuvumiliana, na hakuna ubaya kukisimulia hivyo. Lakini tukikiacha hapo tunamdhulumu Silaban, kwa sababu hakushinda kwa kuwa Mkristo. Alishinda kwa kuwa alikuwa fundi. Alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi katika idara ya ujenzi ya mji wa Bogor, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri, na fikra yake yote ya usanifu ilizunguka maswali mawili: jua lizuiwe vipi, na hewa ipite wapi. Majengo yake mengine, kama vile makao ya Benki Kuu ya Indonesia mjini Jakarta, yanauliza maswali hayohayo. Kwa mtu wa namna hiyo msikiti ulikuwa kazi ya kufaa kabisa, kwani sala ya jamaa haihitaji viti, meza wala vyumba vingi. Inahitaji sakafu pana iliyo safi, mwelekeo mmoja ulio wazi, na paa litakalowafunika watu maelfu kwa maelfu bila kuwakosesha pumzi.

Kwa nini ujenzi ulichukua miaka 17?

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 24 Agosti 1961, siku iliyoangukia Maulidi, na msikiti ukafunguliwa rasmi tarehe 22 Februari 1978. Katikati palitokea kila aina ya kikwazo. Serikali ilikuwa ikijenga Monas na uwanja mkubwa wa michezo wakati uleule, mfumuko wa bei ukala fedha, na machafuko ya mwaka 1965 na 1966 yakasimamisha karibu kila kitu. Sukarno aliondolewa madarakani, akafariki mwaka 1970 bila kuuona msikiti ukikamilika, na aliyeufungua ni mrithi wake, Suharto. Silaban alibahatika zaidi: aliishi hadi mwaka 1984.

Barack Obama, aliyeishi Jakarta akiwa mtoto, aliuzuru msikiti mwezi Novemba 2010 akiwa Rais wa Marekani, na katika hotuba yake kwa Waindonesia akakumbusha kwamba yeye alipokuwa akiishi hapo msikiti ulikuwa ungali ukijengwa. Watu wengi wa rika lake mjini humo wana kumbukumbu hiyohiyo, ya mifupa ya zege iliyosimama miaka nenda miaka rudi.

Nikifika, nitaona nini kwanza?

Kuba. Ni moja kubwa, jeupe, lenye kipenyo cha mita 45, nalo linaonekana limekaa juu ya jengo la mraba lenye mistari iliyonyooka kama lililopigwa kwa rula. Hakuna msururu wa makuba madogo yanayopanda kuelekea kubwa, jinsi ilivyo katika misikiti ya Kituruki. Lipo jingine moja tu la mita 8, juu ya jengo dogo la kuingilia. Mnara nao ni mmoja, umesimama kando peke yake, mwembamba, umevikwa marumaru, na juu yake pana mchongoko wa chuma.

Jambo la pili linachelewa kuonekana kwa sababu macho hayakuzoea kulitafuta: kuta hazipo. Kutoka mbali jengo linaonekana zito, lakini ukilikaribia unagundua kwamba kile ulichodhani ni ukuta ni safu ya nguzo ndefu za mraba, na kati ya nguzo hizo ni viwambaza vya chuma kisichoshika kutu vilivyotobolewa kwa maumbo ya hisabati, ambamo unaona anga la upande wa pili.

Je, vipimo vya msikiti vina maana iliyofichika?

Hili ndilo swali wanalolipenda zaidi waongozaji wa wageni, na majibu yake ni mepesi kukumbukwa. Kipenyo cha kuba, mita 45, ni mwaka 1945. Mita 8 za kuba dogo ni mwezi wa nane, yaani Agosti. Nguzo 12 zinazolibeba kuba kubwa ni tarehe 12 ya Mfunguo Sita, siku ya kuzaliwa Mtume Muhammad. Ngazi tano za ukumbi wa sala, yaani sakafu kuu na roshani nne juu yake, ni nguzo tano za Uislamu, au sala tano, kutegemea anayeeleza. Milango saba ni mbingu saba. Mnara ni mmoja kwa sababu Mungu ni mmoja. Sehemu yake ya marumaru ina urefu wa mita 66.66 kwa hesabu ya aya 6,666 za Kurani, na mchongoko wa mita 30 juu yake ni juzuu 30.

Hapa inafaa kusema jambo moja kwa uwazi. Idadi ya aya 6,666 ni hesabu iliyozoeleka midomoni mwa watu katika nchi nyingi za Kiislamu, lakini mwenye kuhesabu aya katika msahafu unaotumika kwa wingi leo atapata 6,236. Mnara umejengwa juu ya mapokeo ya watu, na hilo haliupunguzii kitu, ila mgeni asilichukue kama somo la elimu ya Kurani. Vilevile, mtu anaweza kujiuliza ikiwa mhandisi angekubali nguzo 11 kama tarehe ingekuwa nyingine. Baadhi ya namba hizi bila shaka zilikusudiwa tangu mwanzo. Kwa baadhi, inawezekana kabisa kwamba hesabu ya mizigo ilitangulia na maana ikafuata.

Mbona ndani si joto, ilhali Jakarta ni mji wa joto?

Jakarta iko takriban digrii sita kusini mwa ikweta, karibu na bahari. Mchana joto huzunguka nyuzi 30 au zaidi karibu mwaka mzima, na hewa hubeba unyevu mwingi kiasi kwamba jasho halikauki. Katika hali kama hiyo ukuta mnene, ambao ni rafiki wa mtu katika nchi za jangwa, unageuka adui, kwa sababu unaizuia hewa isitembee. Misikiti mingi iliyoiga ramani za nchi kame bila kufikiri imelipa gharama ya kosa hilo kwa bili za viyoyozi.

Silaban alikwenda njia nyingine. Paa lilitokezwa nje sana kupita sakafu, ili jua la mchana na mvua ya pembeni visifike ndani. Pembeni ya ukumbi aliweka varanda pana, ghorofa kwa ghorofa, ambazo ni kama koti la kivuli lililolizunguka jengo. Kisha akaziacha pande wazi, akizifunga kwa viwambaza vya matundu tu. Hewa inayogusa kivuli cha varanda inapoa kidogo kabla ya kuingia. Ile iliyopata joto la miili ya watu inapanda kuelekea kwenye kuba na roshani za juu, na nyingine inavutwa kuingia mahali pake. Jengo hupumua lenyewe, bila mtu kubonyeza kitufe.

Njia nzuri ya kulithibitisha hili ni kufanya jambo dogo. Vua viatu, panda hadi roshani, kisha simama nyuma ya kiwambaza kimoja na uweke kiganja mbele ya tundu. Utausikia upepo ukipita kwa kasi kuliko ulivyokuwa uwanjani, kwa sababu umelazimishwa kupenya katika nafasi ndogo. Sakafuni, mwanga unaopita katika matundu hayohayo huchora miduara na pembe ambazo husogea taratibu kadiri jua linavyohama. Hayo ndiyo mapambo ya msikiti huu.

Ukumbi wa sala ukoje?

Ni mkubwa kwa namna inayotatiza macho. Nguzo 12 zimevikwa chuma kinachong'aa, nazo ni nene kiasi kwamba watu wawili wakishikana mikono hawazizunguki, lakini kutoka upande wa pili wa ukumbi zinaonekana za kawaida. Ni pale tu unapomwona mtu ameegemea moja akisoma msahafu ndipo kipimo kinapokurudia. Roshani nne zimeuzunguka ukumbi kwa pande tatu, na wakati wa sala ya Idi zote hujaa.

Ukuta wa kibla umefunikwa marumaru, na juu yake pana maandishi makubwa ya Kiarabu ya chuma: jina la Mwenyezi Mungu upande wa kulia, jina la Mtume Muhammad upande wa kushoto, na kati yake aya ya 14 ya Sura Taha, ile inayoamrisha kushika sala kwa ajili ya kumkumbuka Mungu. Marumaru nyingi zilizotumika jengoni zilichimbwa Tulungagung, Java Mashariki. Zaidi ya hapo hakuna mengi ya kutaja. Hakuna vioo vya rangi, hakuna taa kubwa za fuwele zinazoning'inia, hakuna maua ya vigae. Mtu aliyezoea misikiti ya Isfahani au Istanbul anaweza kuhisi kama kuna kitu kimesahauliwa. Aketi robo saa kwanza.

Je, wenyewe wanaupenda mtindo huu?

Si wote, na lawama zao zina msingi. Misikiti ya asili ya Java, ambayo ule wa Demak ndio mfano unaotajwa zaidi, haikuwa na kuba wala mnara. Ilikuwa na mapaa ya ngazi tatu yanayopungua kuelekea juu, yakibebwa na nguzo nne kuu za mbao. Wakosoaji walisema kwamba msikiti wa taifa uliosahau paa hilo umejivika nguo ya kuazima, nusu ya Mashariki ya Kati na nusu ya viwanda vya Ulaya. Suharto mwenyewe, baada ya kuufungua Istiqlal, alianzisha taasisi iliyojenga misikiti 999 kote nchini, na misikiti hiyo ilirudi kwenye paa la ngazi tatu.

Upande wa pili una hoja vilevile. Sukarno alitaka jengo litakalodumu karne nyingi, na kwa fikra za wakati wake hilo lilimaanisha zege, marumaru na chuma, si mbao. Tena, ukiacha sura na kutazama tabia, varanda pana na pande zilizo wazi za Istiqlal ni za Kijava kuliko kuba lake lilivyo la Kiarabu. Uasili wake uko katika hewa, na hewa haitokei pichani.

Wasio Waislamu wanaruhusiwa kuingia?

Ndiyo, na wanakaribishwa kwa utaratibu uliozoeleka. Mgeni hujiandikisha, huvua viatu na kuviweka mahali palipotengwa, kisha hupewa mwongozaji. Aliyevaa kaptura, sketi fupi au nguo isiyofunika mabega huazimwa joho la kujisitiri. Hakuna kiingilio, ingawa mchango hupokelewa. Kwa kawaida watalii huonyeshwa ukumbi kutoka roshani au varanda, ili wanaosali chini wasisumbuliwe, na matembezi husimama nyakati za sala. Siku ya Ijumaa mchana ni bora kupanga safari nyingine.

Picha zinapigwa kwa uhuru. Adabu ni ileile ya msikiti wowote: usipite mbele ya mtu anayesali, usimpige picha ya uso akiwa amesujudu, na usinyooshe miguu kuelekea kibla.

Wanawake husali wapi?

Ndani ya ukumbi uleule mkuu, katika sehemu yao iliyotenganishwa na ya wanaume kwa vizuizi vifupi. Wana sehemu zao za kutawadha, na mavazi meupe ya kusalia ambayo Waindonesia huyaita mukena hupatikana hapo kwa asiyekuja na lake.

Ile ngoma kubwa ina kazi gani msikitini?

Huitwa bedug, na ni mila ya misikiti ya visiwa vya Indonesia kupiga ngoma kabla ya adhana, tangu enzi ambazo hapakuwa na vipaza sauti. Ile ya Istiqlal imechongwa kutoka katika gogo moja la mti wa meranti kutoka Kalimantan, nayo ina urefu wa takriban mita 3. Watoto huikimbilia kabla ya kitu kingine chochote, na ni kitu kimoja katika jengo zima ambacho hakuna atakayekiita cha kigeni.

Uhusiano wa msikiti na Kanisa Kuu ukoje hasa?

Kwa miaka mingi uhusiano huo ulikuwa wa mambo ya kila siku zaidi kuliko wa hotuba. Sikukuu za Krismasi na Pasaka, magari ya waumini wa kanisa huegeshwa katika eneo la msikiti. Idi ikifika, kanisa nalo hufungua uwanja wake, na imewahi kutokea misa ikasogezwa saa nyingine kwa sababu Idi imeangukia Jumapili. Ujirani wa namna hii hauandikwi sana, labda kwa sababu suala la maegesho halina mvuto, lakini anayeijua foleni ya Jakarta anafahamu kwamba kumpa mtu nafasi ya gari si zawadi ndogo.

Baadaye likachimbwa handaki la waendao kwa miguu chini ya barabara, lenye urefu wa takriban mita 28, likaitwa Handaki la Silaturahmi, neno ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja kuwa ni udugu wa kuunga na kutembeleana. Tarehe 5 Septemba 2024 Papa Fransisko aliuzuru msikiti, akalibariki handaki hilo akiwa pamoja na imamu mkuu, Nasaruddin Umar, na wawili hao wakatia saini tamko la pamoja. Imamu alimbusu Papa kichwani, na Papa akaubusu mkono wa imamu. Rais Prabowo Subianto alilizindua handaki rasmi mwezi Desemba mwaka huohuo.

Wapo wanaouliza handaki hilo lina faida gani, kama barabara yenyewe inavukika kwa dakika mbili. Swali ni la haki. Kwa miguu, faida ni ndogo.

Ukarabati wa karibuni ulibadilisha nini?

Kazi ilianza mwaka 2019 na msikiti ukazinduliwa upya na Rais Joko Widodo tarehe 7 Januari 2021, baada ya kutumika takriban rupia bilioni 511. Marumaru na chuma vilisafishwa, mifumo ya taa, sauti na maji ikafanywa upya, bustani na kingo za mto zikapangwa, na paneli za umeme wa jua zikawekwa juu ya paa. Mwaka 2022 msikiti ulipewa cheti cha EDGE, kinachotolewa na shirika la fedha la kundi la Benki ya Dunia kwa majengo yanayobana matumizi ya maji na nishati, ukiwa mahali pa kwanza pa ibada duniani kukipata.

Sifa hizo ni za wahandisi wa sasa, lakini kidogo zimrudie Silaban. Ni rahisi zaidi kubana umeme katika jengo lililochorwa tangu mwanzo lisiuhitaji sana.

Unachukua watu wangapi?

Idadi inayotajwa huanzia 120,000 hadi 200,000, na tofauti hiyo inatokana na kinachohesabiwa: ukumbi peke yake, au ukumbi pamoja na roshani, varanda na uwanja mkubwa wa vigae ulio kando, ambao pekee una eneo la karibu hekta 3 na umechorwa mistari ya safu. Unahesabiwa kuwa msikiti mkubwa kuliko yote katika Asia ya Kusini-Mashariki.

Ni wakati gani mzuri wa kuuzuru?

Anayetaka kutazama usanifu aende asubuhi, siku isiyo Ijumaa, jua likiwa bado linaingia kwa pembeni kupitia viwambaza. Anayetaka kuona watu aende Ramadhani, kabla ya magharibi, ambapo maelfu ya waliofunga huketi kwa safu na kugawiwa futari bila malipo, kila mmoja na kifurushi chake mbele yake, wakingojea sauti ya ngoma na adhana. Asubuhi ya Idi, ambayo kwa desturi Rais wa nchi huja kusali hapo, kwa mgeni ni ngumu: msongamano huanza kabla ya alfajiri na barabara za jirani hufungwa.

Nitenge muda gani, na nikumbuke nini?

Saa moja hutosha kwa matembezi ya kuongozwa. Mbili ni bora, ukitaka muda wa kukaa.

La kukumbuka ni jina la lango uliloingilia. Malango yote saba yamepewa majina miongoni mwa Majina Mazuri ya Mwenyezi Mungu, kama vile Al-Fattah, As-Salam, Ar-Razzaq na Ar-Rahman, na kutoka ndani yanafanana sana. Viatu vyako viko kwenye lango moja tu kati ya hayo, na njia fupi ya kuvifuata, ukikosea, ni kuukatiza ule uwanja wa vigae miguu mitupu saa sita mchana.